Kiti cha Kumi na Nne

3 Machi

Kwako Fundi,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu masikio yangu na simu vimeshapeana talaka. Siku hizi naishi kwa binti yangu, chumba cha juu. Chini yetu kuna karakana ya pikipiki, na kila injini inayogoma kuwaka nakohoa nayo, mpaka mafundi wa chini wakinisikia kimya wanamwuliza binti yangu kama bado nipo. Bado nipo. Daktari aliacha kuhesabu miezi, sasa anahesabu wiki, tena anazihesabu akiangalia dirishani. Miguu imevimba, moyo umechoka kusukuma. Nakaa kitini saa moja, nahamia kitandani nusu saa, narudi kitini. Binti yangu anasema nimekuwa kama pazia la mlangoni.

Kocha, anayeendesha ofisi ya vikao siku hizi, ameniandikia kwamba bodi ya wafungwa imekuletea karatasi. Wanataka kauli yako kabla ya mwisho wa Aprili kuhusu mtu aliyemuua mwanao, kama aachiliwe au amalize miaka yake. Huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, na kwa miaka tisa hujawahi kunitupia hilo usoni. Siku zote umesema, “Mwalimu, mtu hachagui mpwa.” Sijui kama nilistahili maneno hayo.

Nauliza tu, na una haki ya kutonijibu: utaandika nini?

Siulizi ili nimwombee. Au labda ndivyo. Sentensi hii nimeifuta mara tatu, na sasa karatasi inatoboka. Kuna jambo lingine nilitaka kukuambia, lakini binti yangu amesimama hapa na vidonge na anataka kuona kwa macho yake nikivimeza. Nitaandika tena.

Mwalimu


12 Machi

Mwalimu, shikamoo.

Barua yako imefika na duara la kikombe cha chai katikati, nikajua ni wewe kweli na si mtu anayejifanya wewe. Pole na miguu. Mwambie binti yako akuwekee mto chini ya magoti, si chini ya visigino, kila mtu anakosea hapo.

Wiki iliyopita tulikuwa na kikao, palepale ukumbi wa juu wa zimamoto, maana bado ni mahali pekee ambapo hakuna kundi linalosema ni pake. Vijana kumi na mmoja. Wameingia kama kawaida, kofia usoni, mabega mbele, kila mmoja anagombea kiti cha karibu na mlango. Mmoja akaniuliza, “Mama, hapa kuna chai?” Nikamwambia, “Ipo, ila kwanza utakula maneno.” Wakacheka, na anayecheka walau ameshakaa. Mkuu wa polisi akawaambia: tunawajua kwa majina, leo hatumkamati mtu. Anayetaka kazi, shule, au kuhama mtaa, wa kumsaidia ni hawa mnaowaona. Lakini kuanzia leo mmoja wenu akipiga mtu risasi, tutalishukia kundi lake zima, na kila kesi iliyolala itaamka. Muuguzi wa chumba cha dharura akawaonyesha mkasi anaokatia nguo za waliopigwa. Kisha ikawa zamu yangu.

Nilisema yaleyale. Kwamba mwanangu alikuwa kwa kinyozi, saa nne asubuhi, nusu ya kichwa imenyolewa, risasi iliyokuja kwa mtu wa kiti cha pili ikampata yeye. Kwamba kinyozi alikuja mochwari na mashine yake akamalizia nusu iliyobaki, akasema hawezi kumwachia mteja kazi katikati. Na kwamba aliyemuua alikuwa ameketi kwenye ukumbi huuhuu wiki tano kabla, akasikia onyo hilihili kwa masikio yake, akatoka, akaua. Halafu mahakamani akathubutu kupaza sauti, “Mimi sikuitwa.” Hapo ndipo huwa wanainamisha vichwa, Mwalimu. Kwenye risasi hawainami, risasi wamezizoea. Kwenye ule uongo wanainama.

Kwa hiyo umeniuliza nitaandika nini. Nitaandika hapana. Wala si kwa chuki. Chuki ni kiatu cha kubana, nilishakivua, kilikuwa kinaniumiza mwenyewe. Angekuwa hakuambiwa, ningesema ni mtoto, hakujua uzito. Lakini aliambiwa. Mtu aliyeonywa uso kwa uso akaua, mimi sijamfunga, kajifunga.

Sasa nina ombi. Bodi wanataka uthibitisho kwamba alihudhuria. Daftari liko ofisini kwa Kocha, jina lipo, sahihi ipo, ila mwanasheria wake analeta maneno. Wewe ndiye ulikuwa katibu. Nitumie nusu ukurasa tu: alikuwepo, nilimwona, alisaini. Najua ni damu yako na nakuomba kitu kizito. Lakini wewe ndiye uliyemfelisha binti yako mwenyewe hesabu mbele ya darasa zima, kwa hiyo naomba bila woga.

Na lile jambo ulilotaka kuniambia ni lipi? Usiniachie uzi unaning'inia, unajua sipendi.

Ule, hata kama huna hamu.

Fundi


20 Machi

Fundi,

Nusu ukurasa ulioomba siwezi kuuandika. Hakuwepo.

Sentensi hiyo nimeiweka juu kabisa ili nisipate nafasi ya kuizunguka.

Unakumbuka utaratibu tuliojiwekea. Kila barua ya wito ipelekwe na watu wawili, mmoja wa polisi na mmoja wa mtaani, asiwepo wa kusema hakuipata. Niliziandika zote kwa mkono, kwa sababu barua ya taipu inafanana na hati ya kukamatwa. “Hukamatwi. Unaitwa.” Ndivyo zilivyoanza. Kikao kile cha kwanza niliandika kumi na nne. Kumi na tatu zikapelekwa kwa utaratibu. Ya kumi na nne nikasema, hii nipeni mimi, ni mpwa wangu, nitampelekea mwenyewe. Hakuna aliyebisha. Nani angembishia mwalimu?

Dada yangu alinipokea mlangoni mikono ina sabuni. Alikuwa ameshasikia. Akasema, “Kaka, utamwandika mwanangu pamoja na wauaji? Wewe?” Nikamwambia ni kwa faida yake. Akasema, “Faida gani ya kuitwa muuaji kabla hujaua?” Akalia, nami nikairudisha barua mfukoni. Lakini nisimsingizie marehemu dada yangu. Barua sikuirudisha mfukoni kwa ajili ya machozi yake. Niliirudisha kwa sababu nilijiona nimesimama mbele ya ukumbi na kalamu yangu, na watu wananong'onezana: yule wa tatu kutoka kushoto ni wa kwao.

Nikajiambia nitamwonya mwenyewe, kifamilia. Nikamwita Jumapili. Alikuja na shati safi, akala, akalikaza bomba la jikoni lililokuwa linavuja bila kuombwa na mtu. Nilimwambia akate kucha. Nilimwambia atafute kazi ya kudumu. Neno bunduki halikunitoka. Alipoaga alisimama kidogo, kama mtu anayengoja chenji, kisha akasema, “Haya, mjomba.”

Siku ya kikao niliwahi ukumbini nikakuta viti kumi na nne vimepangwa. Nikakitoa kimoja, nikakificha nyuma ya mipira ya maji ya zimamoto, nikavisogeza vingine pengo lisionekane. Baadaye mkuu wa polisi aliniuliza, “Wote wamefika?” Nikamjibu, “Waliofika wamesaini.” Akaridhika. Alikuwa na hotuba kichwani.

Wiki tano baadaye, mwanao.

Mkuu akataka daftari ampelekee mwendesha mashtaka, aonyeshe kwamba muuaji alikuwa ameonywa. Akasema atalifuata kesho yake. Lilikuwa na sahihi kumi na tatu. Nilikaa nalo mezani mchana kutwa. Nikajiambia, wakijua kwamba katibu alimficha mpwa wake, kikao hakitakuwepo tena, na vijana wengine watakufa. Hiyo ilikuwa kweli, Fundi, na ndiyo maana ilifaa sana kujificha nyuma yake. Nikaandika jina lake, nikaweka sahihi yake. Haikuwa kazi. Nilimfundisha mwenyewe kuandika akiwa na miaka mitano. Mwandiko wake ni mtoto wa mwandiko wangu.

Alipopaza sauti mahakamani alikuwa ananitazama mimi. Baadaye kwenye korido, na pingu mikononi, akasema, “Mjomba, waambie.” Nikajifanya natafuta miwani. Nilikuwa nimeivaa.

Jaji alisema umri wake ungemfaa kupunguziwa, lakini mtu aliyeonywa ana kwa ana hana pa kushika. Miaka kumi na mitano. Dada yangu alikufa katika mwaka wa nne wa kifungo, akiamini kwamba ulimi wa mwanawe ni mwongo.

Sikuombi umsamehe yeye wala mimi. Nilitaka tu jina lako lisikae juu ya uongo wangu. Hapana, hata hapo nageuza maneno. Nataka atoke. Naogopa kufa akiwa ndani. Na nataka ujue, hata kama asingetoka kamwe. Nimejaribu kuyatenganisha tangu asubuhi na yote yananijia pamoja.

Mwalimu


2 Aprili

Fundi,

Wiki mbili sasa. Binti yangu ananiapia kwamba barua aliipeleka posta kwa mkono wake. Naamini, na naamini aliisoma kwanza, kwa sababu tangu siku ile ananipa dawa bila kuniangalia, na jana aliniita “wewe” badala ya “baba,” kisha akatoka nje akakaa kwenye ngazi.

Nimeanza kutega sikio kwenye ngazi hizo. Anapanda mtu, naketi wima, kumbe ni mleta maji. Nimehama kitandani kwenda kitini mara saba leo.

Nitukane, basi, lakini andika.

Mwalimu


8 Aprili

Mzee,

Fundi alikuja ofisini Alhamisi. Akaweka barua yako mezani akasema, “Soma.” Nikasoma. Akasema, “Ulijua?” Mzee, mimi nimewahi kuwekewa bastola hapa kwenye paji la uso mara mbili, sikutetemeka vile.

Nilijua. Umesahau kwamba nilikuwa mmoja wa wale kumi na tatu? Siku ile niliwahi kufika kwa sababu nilidhani ni mtego, nikataka kujua milango iko wapi. Nikakuona. Mwalimu mzima na koti lake, anabeba kiti kwa kunyata kama mwizi wa kuku. Nilicheka peke yangu. Jina lilipotokea daftarini, kicheko kikaisha. Lakini nilikuwa na miaka ishirini, na wewe ndiye uliyenitafutia kazi ya kwanza maishani mwangu. Ningemwambia nani, na nani angeniamini? Halafu nikapewa ofisi, na ukipewa ofisi kuna vitu unazoea.

Sasa kuna kitu hukukiandika kwa sababu hukijui. Wewe unafikiri kosa lako ni kwamba hakusikia maneno. Maneno aliyasikia, yalizunguka mtaa mzima siku ileile. Kosa ni kiti. Wenzake wanne waliitwa, yeye peke yake hakuitwa. Waliporudi wakamwuliza, wewe mbona hukuitwa? Nani anakulinda? Na mtaani swali hilo lina jibu moja tu: wewe ni mtu wa polisi. Wakampima wiki tano. Wakamkwepa, wakamfuata dukani, wakamrushia maneno msichana wa pale kona mbele yake waone kama atanyamaza. Mwisho wakamwekea bunduki mkononi wakasema, haya, tuonyeshe wewe ni wa nani. Nimelisikia hili kwa watu wawili tofauti ambao hawasalimiani, kwa hiyo naliamini.

Siandiki ili nikuumize. Nakuandikia kukuomba unyamaze. Mwaka tulioanza, watu arobaini na mmoja walipigwa risasi kwenye mitaa yetu. Mwaka jana tisa. Hao tisa nawajua wote. Wale thelathini na wawili wengine wako barabarani wananunua mkate na hawajui kuwa ni wao. Mwanasheria mmoja tu akisikia daftari lilichezewa, kila aliyeongezewa kifungo kwa sababu ya kuonywa atarudi mahakamani, na mkuu mpya wa polisi hatupendi sisi, anatafuta mlango wa kututolea. Mpwa wako amebakiza miaka sita. Si kidogo, najua. Lakini umenyamaza miaka tisa, Mzee. Wiki chache hizi zingekushinda nini?

Fundi alikunja barua yako akaondoka. Cherehani yake haijasikika siku tano, na majirani wanakuja kuniuliza mimi.

Kocha


14 Aprili

Mwalimu,

Sikuamkii.

Miaka tisa, vikao kumi na saba. Nimesimama mbele ya watoto wa watu nikaitumia maiti ya mwanangu kuutolea ushahidi uongo wako. Na niliusema vizuri, hilo ndilo linaloniuma zaidi, niliusema kwa ufundi, najua hata pa kushusha sauti. Yule kijana alisema neno moja la kweli mahakamani, mimi nikalichukua nikalifanya kitisho cha watoto.

Barua yako imeandikwa vizuri sana. Nilikuwa nasoma huku najiambia, tazama, hata dhambi anaipiga pasi. Sabuni mikononi, bomba la jikoni, miwani usoni. Kuna mahali nilitaka kulia nikajizuia. Sitalia kwa ajili ya insha.

Kocha ameniambia na hilo la wiki tano, kwamba walimpima. Ameniambia kupitia dirishani, kwa sababu mlango sikumfungulia. Kwa hiyo hukumnyima onyo tu. Ulimpaka alama kwa kutompaka.

Unasema huwezi kutenganisha unachotaka. Mimi nitakutenganishia, kufumua ndiyo kazi yangu. Kama ni toba, mimi siyo ofisi yake. Uongo uliuweka kwenye daftari la umma, ukautoe hukohuko. Waandikie bodi. Jina, sahihi, kiti, yote. Usiwaambie dada yako alilia. Usiwaambie unaumwa. Kocha anasema utakiua kikao. Nimemwuliza, kama kikao kinaweza kuuawa na ukweli, sisi tulikuwa tunawatishia wale watoto kwa kitu gani hasa? Akasema, “Mama, hujui siasa.” Nikamwambia, “Na wewe ulivyokuwa unaniangalia nikisimama mara zote zile, ulikuwa unajua nini?” Hatuongei.

Sijaandika kauli yangu. Karatasi ya bodi iko chini ya cherehani. Usidhani ukimya wangu ni ndiyo.

Swali moja. Siku ya mazishi ulikuja, ukabeba jeneza upande wa kulia. Saa ile, ulikuwa umeshalisaini lile jina au bado? Nijibu kwa neno moja. La pili sitalisoma.

Fundi


18 Aprili

Nilishasaini.

Mwalimu


19 Aprili

Kwa Bodi ya Wafungwa,

Mimi ni mwalimu mstaafu, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja. Nilikuwa katibu wa kamati ya vikao vya wito tangu kikao cha kwanza hadi nilipostaafu miaka mitatu iliyopita.

Mfungwa ambaye shauri lake liko mbele yenu hakuitwa kwenye kikao cha kwanza na hakuhudhuria. Barua yake ya wito nilikabidhiwa mimi, sikumpa. Kiti chake nilikiondoa kabla ya kikao kuanza. Baada ya mauaji niliandika jina lake kwenye daftari la mahudhurio na kughushi sahihi yake, siku moja kabla ya mazishi ya marehemu. Aliposema mahakamani kwamba hakuitwa, alisema kweli. Nilikuwepo na nilinyamaza. Adhabu yake iliongezwa kwa ushahidi huo.

Mimi ni mjomba wake. Mfungwa hajaniomba niandike. Mama wa marehemu ndiye aliyeniambia niwaandikie ninyi, na hakuniambia kwa ajili ya kumsaidia mfungwa.

Hakuna mjumbe mwingine wa kamati aliyejua. Majina mengine yote katika daftari ni ya watu waliokuwepo, na niko tayari kuyathibitisha moja moja. Ninaomba kosa langu lisihesabiwe kuwa la vikao.

Mkono wangu unatetemeka, hivyo binti yangu ameandika maneno haya kama nilivyoyatamka. Sahihi ni yangu mwenyewe. Kama kuna shtaka, anwani iko juu. Ninashauri mfike mapema.

Katibu wa zamani

Nakala: Fundi


30 Aprili

Mwalimu,

Barua yako kwa bodi ilifika kabla ya nakala yangu. Najua kwa sababu mkuu wa polisi alikuja kibandani kwangu na gari mbili, kana kwamba mimi ndiye niliyeghushi. Vikao vimesimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Umeandika kwamba hakuna mwingine aliyejua, ukamfunika Kocha. Amekataa kufunikwa. Alikwenda mwenyewe akaandika kwamba alikuona na kiti, na akaandika kwamba alinyamaza. Sasa amesimamishwa kazi. Anakuja kukaa hapa kibandani ananikunjia vitambaa, anavikunja vibaya, simwambii.

Jumamosi kijana mmoja alipigwa risasi ya paja karibu na kisima cha pampu ya umeme. Ataishi. Sisemi ni kwa sababu ya barua yako. Sisemi si kwa sababu yake. Mimi na muuguzi na Kocha tumeanza kupita nyumba kwa nyumba, bila polisi, bila kitisho, na nakwambia ukweli, bila kitisho wengine hawafungui mlango. Wengine wanafungua. Kwenye mlango mmoja nilisema kwa mara ya kwanza, “Aliyemuua mwanangu hakuitwa. Wewe nimekuja kukuita.” Akaniangalia muda mrefu kuliko walivyowahi kuniangalia ukumbini. Sijui maana yake.

Jumanne nilikwenda gerezani.

Sikukwenda kwa wema. Karatasi ya bodi ilikuwa mkobani, na nilikuwa nimeshaamua kwamba nitamwuliza swali moja, atanijibu uongo, nami nitaandika hapana yangu nirudi nyumbani na dhamiri safi. Nilikuwa nalitaka lile hapana. Nimeishi nalo.

Walimleta na mwanasheria wake. Ana mvi, Mwalimu. Miaka ishirini na tisa na ana mvi hapa pembeni. Alisimama nilipoingia na hakukaa mpaka nilipokaa. Mwanasheria akaanza kusoma barua yako kwa sauti, nikamwambia aache, naijua. Nikamwambia yule kijana, “Ulisema kweli mahakamani nami nikakutangaza mwongo miaka tisa. Hilo ni la kwangu, na nakuomba radhi kwa hilo. La mwanangu ni la kwako.” Akasema, “Ndiyo, mama.”

Nikamwuliza. “Ungeitwa siku ile, ukakaa kwenye kile kiti ukasikia yote, usingeua?”

Mwanasheria akamgusa mguu chini ya meza. Niliona. Lilikuwa swali jepesi, Mwalimu. Hata mtoto wa shule ya vidudu angejua jibu la kumtoa mtu gerezani. Alikaa akiangalia mikono yake mpaka askari akakohoa.

Akasema, “Sijui, mama. Kila siku najiuliza. Sijui.”

Mwanasheria akafumba macho.

Nimekuwa kati ya watu wanaojua tangu siku ile ya kinyozi. Jaji alijua, mkuu wa polisi alijua, Kocha alijua, wewe ulijua kuliko wote, na mimi niliwajulisha watoto mara kumi na saba. Huyu ndiye mtu wa kwanza kunijibu swali kuhusu kifo cha mwanangu bila kunitengenezea jibu.

Nikaomba kalamu kwa askari nikaandika palepale: sipingi. Sikuandika kwamba nimesamehe. Fomu haikuuliza, na ingeuliza ningepaacha wazi.

Kuna kitu kimebaki. Kwenye fomu yake kuna mstari wa mtu atakayempokea getini, na bila huyo hawamtoi. Mama yake amekufa. Wale wenzake wa zamani, wewe mwenyewe unajua. Mwanasheria alimwuliza aandike nani, akasema, “Mjomba.” Nilimwambia kwamba mjomba wake anahesabiwa wiki. Akasema, “Mwandikeni hivyohivyo.”

Bodi inaketi tarehe kumi na nne Mei, na wakikubali, kutoka getini ni siku hiyohiyo, saa tisa. Kocha atakuja kukuchukua na gari la muuguzi, kiti cha nyuma kinalala. Nimemwambia binti yako kwa simu. Alilia, kisha akauliza uvae koti gani.

Daktari na aseme anavyosema. Wewe jitahidi uwepo.

Fundi